Mashine yangu ya kahawa ilivyoziba siku ya posa: nawajibu mlioshauri mchele

Wakuu, kabla ya yote mjue mnazungumza na nani. Baba yangu aliitwa Kasiani, mama yangu Agata, wote Wangoni wa Madaba, nami nilizaliwa huko huko. Leo naishi Mshangano, pembezoni mwa Songea. Sikuingia darasani hata siku moja. Maneno ni yangu, vidole ni vya mjukuu wangu Edina.

Nitasema yaliyotokea tu. Anayetaka kupambiwa asome uzi mwingine.

Ninayo mashine ya umeme ya kusagia kahawa, zawadi ya mwanangu. Haihitaji mengi: kahawa kavu, brashi kavu, na watu wenye akili. Hivyo viwili vya kwanza vinapatikana kwa urahisi.

Sasa, Edina alitakiwa na kijana wa Mbinga, wa ukoo wa wakulima wa kahawa. Ikapangwa wazee wake waje Jumamosi kuleta posa. Ukoo ule una desturi ninayoiheshimu: huja na kahawa ya shamba lao, imekwisha kukaangwa, nanyi wenyeji mnaisaga na kuipika wakiwapo. Nyumba ikiiharibu, huaga kwa adabu na hawarudi.

Ijumaa Edina akataka karanga za kuungia mboga. Kinu kipo. Mchi upo. Mikono ipo, miwili, mizima. Akazitia karanga katika mashine yangu.

Karanga, wakuu! Hata ukizitwanga kwa mchi hutoa mafuta, sembuse chini ya meno ya chuma yanayozungushwa na umeme?

Mashine ikaziba. Badala ya kuja kwangu, akaja kwenu humu jukwaani.

Nanyi mkamjibu. Mmoja akasema, "Saga mchele mkavu, utasukuma uchafu wote." Wa pili akaapa kwamba amejaribu na imekubali. Wa tatu akaweka kikatuni cha kucheka, na huyo ndiye pekee ambaye hakuharibu kitu.

Mchele ukawa unga, unga ukakutana na mafuta ya karanga na vumbi la kahawa. Mkatupikia ugali ndani ya mashine. Edina akaifunika kitambaa.

Jumamosi wageni wakaketi. Mzee Valeriani, baba wa kijana, akanikabidhi kahawa kwa mikono miwili. Nikaimimina mbele yao, nikabonyeza swichi.

Mashine ikanguruma, haikuzunguka, ikatoa harufu ya waya unaoungua.

Mke wa mwanangu akaninong'oneza, "Baba, tuwape ile ya kopo, hawatajua."

Watu waliolelewa kwenye mibuni, hawatajua!

Mzee Valeriani akasema kwa sauti, "Wangoni, ng'ombe mlijua kuteka. Kahawa je?"

Wa kwake wakacheka. Sisi hatukucheka. Edina alisimama mlangoni na sinia ya vikombe.

"Babu," akasema, "ni mimi. Nilisaga karanga, kisha mchele."

Shangazi wa kijana akauvuta mkoba wake mapajani, kama mtu anayejiandaa kuaga.

Nikachomoa waya kwanza. Asiyeanza na hilo asiguse mashine ya mtu. Nikamimina kahawa ya wageni katika sahani, nikazungusha bakuli la juu hadi likatoka, nikainua meno. Chini yake tope gumu la kijivu.

Mke wa mwanangu akaja mbio na maji ya moto. Nikamrudisha nayo jikoni. Maji yangegeuza unga ule gundi, na chuma kingeshika kutu.

Nikachokonoa kwa kijiti cha mwanzi, kwa maana kisu hukwaruza meno. Mzee Valeriani akavumilia kidogo, kisha akavua koti, akachuchumaa kando yangu.

"Mkwe, hapo kwenye tundu la kutolea unga bado."

"Nimepaona."

"Umepaona, hujapachokonoa."

Akachukua brashi bila kuombwa. Tuliporudisha meno mahali pake, akataka konzi ya kwanza isagwe na kutupwa, maana ndiyo inayofagia. Nikasema ni israfu. Akasema kahawa ni yake, na israfu ni yake.

Ikapikwa. Akaonja, akatafakari kuliko ilivyohitajika.

"Karanga zipo, kwa mbali," akasema. "Binti namtaka. Mashine hii asije nayo."

Shangazi akauweka mkoba sakafuni.

Basi mjifunze, kama mnafundishika. Mashine ya kahawa ni ya kahawa. Karanga zina kinu chake, na mchele una sufuria yake. Ukimaliza kusaga, chomoa waya, fungua, piga brashi kavu, funga. Usingoje izibe ndipo uwaulize watu ambao hata sura zao huzijui.

Mwenye hoja aweke comment hapa chini. Mwenye mchele aupike, ale.

Edina, usipunguze kitu. Harufu ya waya ibaki, karanga zibaki, jina lako libaki. Kwamba mikono yangu ilitetemeka, hilo sikulisema, usiliandike. Ila mzee yule aliniita mkwe akiwa amechuchumaa, kabla posa haijajibiwa na kabla kahawa haijaonjwa. Neno hilo liandike kama alivyolitamka, kisha ulitunze. Hayo mengine ni ya hawa wenzio wa jukwaani.