Risasi ya Kambare

Juzi, katika duka moja Misigiri, niliona ndoano zikining'inia na harufu kali ya risasi iliyoyeyuka ikanirudia kutoka utotoni. Alasiri moja wakati huo, baba aliyeyusha risasi ya betri kuukuu ndani ya kopo, huku mjomba akifungua mshipi wa nailoni, uliokuwa umeanza tu kuonekana madukani.

“Shemeji, bila risasi hatumpati yule mkubwa,” mjomba alisema.

Kwetu mkubwa alikuwa kaka Hamisi, na asubuhi alikuwa amegombana na baba. Nilikimbia hadi shambani alikokuwa.

“Kaka, wanakutengenezea risasi.”

Alidandia lori la vitunguu, na mpaka leo hajarudi.

Niliporudi nyumbani, baba alikuwa akifunga kipande cha risasi juu ya ndoano ili mshipi uzame.

“Kamwite kaka yako,” alisema. “Kambare yule hatumtoi bila yeye.”