Kitako Kilichopinda

Jina lake kamili, kama lilivyotajwa na watu wa bondeni, ni Mashoto Mlinzi wa Mahindi, binti wa Mchimba Visima aliyeyafikia maji pale wenzake walipokusanya majembe wakaenda zao, mjukuu wa yule Mkunga aliyevuka mto uliofurika, mkasi kaufunga ndani ya kilemba, akazalisha huku nguo zinamchuruzika maji. Ukoo huo haukuzaa mtu wa kurudi nyuma. Mashoto naye alirithi bunduki na kazi ya ulinzi kutoka kwa marehemu mumewe, na nguruwe pori wakapata mtu wa kumwogopa.

Walimwogopa, ila si sana. Mashoto alilenga kwa bega la kushoto. Kila akifyatua, kitako cha bunduki kilimzaba kofi la shavu na marisau, zile chembe za risasi, yakaenda kusalimia mawingu. Aliamini ubovu ni wa mkono wake, akauficha kwa maneno makali. Mwaka mmoja mtutu wa bunduki ile ulipopasuka, wenye mashamba wakamwita.

"Mama, tafuta bunduki nyingine. Lakini nguruwe wakimaliza mahindi tena msimu huu, tutaweka mlinzi mwingine."

Alichukua akiba yake, akaenda kwa muuza bunduki.

Muuzaji alimpangia mpya mpya juu ya meza, zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Mashoto akanyoosha kidole ukutani, nyuma kabisa. "Na ile?"

"Ile achana nayo, mama. Ni ya zamani kuliko mimi. Kila anayeijaribu anarudi anajipapasa shavu. Kitako kimepinda."

"Ilete, nijipapase na mimi."

Ilikuwa ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake kama watoto kwenye kitanda cha ghorofa. Mbao yake ilikuwa nyeusi, imelainishwa na viganja vya watu asiowajua. Aliikunja kwenye bawaba, akachungulia ndani: safi, hakuna kutu. Akaiweka begani, lile lake la kushoto. Shavu likaketi. Akafumba macho, akaishusha, akaipandisha tena, akafumbua: mitutu ilikuwa imeutazama msumari wa ukutani aliokusudia.

"Mama, unalia?"

"Mafuta ya bunduki yako yananiwasha."

Muuzaji alimtazama bega, akatazama kitako, akapasuka kicheko. "Lo! Kumbe aliyeiagiza alikuwa mtu wa kushoto! Na mimi siku zote naitukana bunduki ya watu."

Nyumbani alimkuta mdogo wake wa kiume, fundi baiskeli aliyestaafu, anayeishi chumba cha uani. Fundi akaikodolea jicho moja kama anavyokagua rimu.

"Dada, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii imekwenda upande!"

Mashoto alikuwa amechoka, na kwa kiburi chake hakupenda kueleza jambo mara mbili wala hata mara moja. "Nenda kalale," akasema, akaifungia kabatini.

Asubuhi alikwenda kituo cha polisi kukamilisha kibali. Aliporudi, kabati lilikuwa wazi. Mitutu ipo, kitako hakipo. Chini palikuwa na bisibisi ndefu ya mdogo wake.

Alijifunga kanga vizuri, akashika njia ya kwa seremala wa jirani, maana mbao hainyooshwi kwa spana.

Sufuria ilikuwa motoni, inaanza kutoa mvuke wa kulainishia mbao. Kitako kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa, kimeviringishwa matambara kama mgonjwa, na mdogo wake amekaa pembeni, uso umejaa furaha.

"Ipua hiyo sufuria," Mashoto akasema.

"Shangazi, maji ndiyo kwanza yanaanza kuchemka," seremala akajitetea.

"Dada, nilitaka ukirudi ukute imenyooka!"

Alifungua jiliwa mwenyewe. Akamwekea mdogo wake kitako kwenye bega la kulia, akambana kichwa.

"Aa! Mfupa wa shavu!"

Akakihamishia kwake, kushoto. Kikamlalia shavuni kimya. Seremala akasogea, akapitisha kidole kwenye mbao. "Hiki kimechongwa hivi makusudi. Tazameni nyuzi zake, zimeufuata mpindo."

Mdogo wake akajipapasa shavu. "Sasa dada, ule wakati wote uliokuwa unakosa…"

"Nilikuwa nashika bunduki ya mume wangu. Yeye alikuwa wa kulia."

Seremala akaipua sufuria.

Msimu ule nguruwe waliingia mahindini mara chache, na kila mara wakatoka humo wamekufa, wamebebwa na watu. Wenye mashamba hawakumwita tena. Walimsalimia tu, kwa mbali kidogo, kwa adabu zaidi.

Baada ya mavuno alimwita mdogo wake barazani, bunduki imelala magotini.

"Yule mjukuu wangu anayeshika kijiko kwa kushoto, akifika umri wa kibali, hii ni yake. Mimi naweza nisiwepo. Kazi yako ni kuipaka mafuta, na mtu yeyote akija na wazo la kuinyoosha, mfukuze."

"Na akiwa ni mimi?"

"Jifukuze."

Akampa kitambaa na kichupa cha mafuta. "Anza na bawaba. Taratibu."