Jina la Delmas Lilivyofika Azaiba

Asubuhi moja Idrisa, mume wangu, alikuwa akigombana na tairi la baiskeli, na binti yetu Salma, wa miaka minne, amekaa juu ya meza ya duka akining'iniza miguu. Hivyo ndivyo tulivyofungua duka kila siku kule Bujumbura. Idrisa alikuwa akiuliza habari za babu aliyeanzisha jina la ukoo wake, "Delmas ametoka wapi?" na mtoto akijibu bila kupumua: Ufaransa ya kusini, kwenye nyumba ya shamba, halafu kisiwa cha Reunion, kwenye miwa, halafu Unguja, akasilimu, akaoa, halafu Bujumbura, akafungua duka. "Na sasa?" "Sasa mimi!"

Wateja walicheka. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba anamfundisha mtoto kujisifu kabla hajajua kufunga viatu.

Nilikuwa nayawaza hayo juzi jikoni kwangu Azaiba, hapa Maskati, siku waliyokuja watu kumposa Salma. Kahawa ilikuwa tayari, halua imefunikwa, nami nimepanga vikombe, nimevipangua, nimevipanga tena. Kaka yangu Nassor, aliyekulia Unguja na ndiye aliyetupokea Oman, alinifuata hadi kwenye jiko.

"Zuwena, nnakuomba. Wakiuliza ukoo, taja kabila letu. Delmas watalifahamu vipi? Watasema mtoto wa Mfaransa huyu."

"Baba yake alisali kuliko wewe."

"Nnajua mimi. Wao hawajui. Mtoto keshakawia kuolewa, usimharibie."

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu niliogopa huenda anasema kweli. Nikafungua friji, nikasahau nilichokuwa nataka.

Vita vilipoingia mtaani kwetu Bujumbura, viliingia kwa swali la jina. Vijana waliweka magogo barabarani, wakawa wanatazama uso wako na kuuliza unaitwa nani, baba yako nani. Jina lilikuweka upande huu au ule. Delmas liliwachanganya, halikuwa la upande wowote, na mara mbili wakamwacha Idrisa apite. Nilianza kulipenda jina nililokuwa nikilitania.

Siku za mwisho tulisikia kwamba malori yanawatoa wageni kuelekea mpakani. Idrisa alikwenda kuuliza, akarudi mbio. Wamekubali, alisema. Wameona jina, wamesema familia ya Delmas ije.

Tulikuta lori limejaa. Msimamizi akatazama vitambulisho vyetu, akanirudishia changu.

"Huyu si Delmas."

"Ni mke wangu," Idrisa akasema. "Kwetu mke haachi jina la baba yake."

Alilisema kwa fahari, kama alivyosema kila mara. Hakufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo jambo hilo litahitaji kuelezwa.

Msimamizi hakuwa mkatili, alikuwa amechoka. Alisema nafasi za Delmas ni mbili tu.

Risasi zikasikika upande wa soko.

Idrisa akamnyanyua Salma, akampakia.

Kisha akanishika kiunoni, akanipakia mimi.

"Nafasi mbili," akamwambia msimamizi. "Ni hao."

Yule mtu akatazama pembeni.

"Nakuja na gari lingine, mama Salma," Idrisa akaniambia.

Lori likaondoka.

Njiani tulisimamishwa. Kijana mwenye panga akaniuliza jina, nikasema Delmas. Akauliza ni jina gani hilo. Kabla sijafungua mdomo, Salma akaanza: Ufaransa ya kusini, kwenye nyumba ya shamba... Hadi akafika kwenye "Sasa mimi!" Kijana akacheka. Akaondoa gogo.

Gari lingine halikuja. Kwa miaka nilimuuliza kila aliyetoka kule. Mmoja alisema duka lilichomwa, mwingine alisema amemwona kambini Tanzania. Kaburi hakuna. Kwa hiyo sikukaa eda, na hakuna aliyethubutu kumwita marehemu mbele yangu.

Wageni walifika baada ya magharibi. Mama wa bwana harusi, Bi Rahma, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikunywa kahawa, akasifu halua, kisha akauliza lile lililomleta.

"Na marehemu baba yake, wa ukoo gani khasa?"

Nassor akakohoa, akanitazama. Niliposikia neno lile, marehemu, nikaanza kuifunika halua upya.

Salma alikuwa ameinama akimimina kahawa. Akaliweka birika chini.

"Delmas," akasema. Na akaanza safari yote, Ufaransa, Reunion, Unguja, Bujumbura, mara hii polepole, akipumua. Alipofika Bujumbura akaongeza: "Halafu lori. Alitupa nafasi mimi na mama, yeye akabaki."

Nassor alikuwa akitazama zulia. Bi Rahma akazungusha kikombe chake.

"Wamebaki wangapi wenye jina hilo?"

"Mimi tu, mama."

"Na watoto wako watakuwa wa kwetu."

"Naam. Watachukua la baba yao."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Siku nzima nilihangaika jina lisifichwe, kumbe lilikuwa linaisha. Limevuka bahari mara ngapi, limepita kwenye mapanga, lije kukoma kwenye sebule yangu. Nilitaka kusimama niwaambie wageni waende zao.

"Basi wewe usiliache," Bi Rahma akasema. "Kwetu mke haachi jina la baba yake."

Maneno yale yale. Ndiyo yaliyoninyima nafasi kwenye lori, na ndiyo sasa yanambakishia Idrisa mtu wa kulibeba jina lake, kwa umri wa binti yake tu, basi. Ni kidogo. Sitajidanganya kwamba si kidogo.

Nilirudi jikoni nikijifanya nafuata maji. Nikashika ukingo wa sinki, nikalia, kisha nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza: "Mungu amrehemu Idrisa Delmas."

Kule sebuleni nikamsikia Salma akijibu amina.