Mawe ya Jirani, Vidole vya Eveline

Emerensiana ni mtoa tiba kwa vitendo, cheo ambacho Ifakara nzima hakuna anayekijua, hata mlinzi wa getini kazini kwake. Watu humwita dada wa mazoezi. Kazi yake ni kuvifundisha vidole vya watoto kufunga kifungo, kushika kijiko, kubana penseli. Mradi uliomwajiri umempa semina nne hotelini, fulana tatu na sanduku moja la vifaa, ambalo limefungiwa stoo mpaka apatikane mgeni rasmi wa kulizindua.

Kwa hiyo kila Alhamisi hupanda bodaboda kwenda kijiji cha Mofu mikono mitupu.

Huko Mofu yuko Eveline, miaka saba, anayelelewa na bibi yake, Luciana. Eveline ana maneno kuliko redio, lakini vidole vyake vimechelewa. Penseli huikamata kwa ngumi kama mchi, na kabla herufi haijakamilika imeshamponyoka. Mwalimu Agapiti wa darasa la awali alishasema: Novemba atampima, na asipoandika jina lake atabaki awali mwaka wa tatu. Eveline naye ametangaza kwamba akibakizwa na watoto wanaonyonya, shule haendi tena.

Siku ya kwanza Emerensiana aliona ungo ukutani, akafurahi. Kwa kidole gumba na cha shahada, zoezi gani litashinda kuchambua mchele?

"Bibi, kila siku kabla ya kupika, Eveline akae na ungo atoe mawe, moja moja. Robo saa tu."

Bibi Luciana akautazama ungo wake. Amelima mpunga miaka arobaini bondeni humu, leo anaambiwa hivyo mbele ya mjukuu.

"Sawa, mwanangu. Nimekuelewa."

Hakuelewa kitu. Alhamisi iliyofuata Eveline alikutwa ameketi mbele ya mchele mweupe, safi, hana cha kuokota. Bibi alikuwa amepeleka gunia zima mjini kwenye mashine ya kugredi, ile inayotoa mawe yote.

"Haya, tafuta jiwe," bibi alisema. "Tafuta! Vaa na miwani."

"Bibi, mimi nilitaka mawe."

"Si ulisema mchele wangu una mawe?"

"Nilitaka yawemo!"

"Yawemo ili iweje? Tuyatafune?"

Emerensiana alieleza habari za misuli mpaka koo likamkauka. Kisha, kwa adabu zote, akamwomba bibi aokote vijiwe uani, avitie.

"Mimi? Nitie mawe kwenye mchele?" Bibi akasimama wima. "Chuo gani kilikufundisha hayo, mama? Na wazazi wako walikulipia?"

Wakajaribu maharage, bibi akasema chakula si cha kuchezea. Wakajaribu udongo, gauni likachafuka, udongo ukatupwa. Wakajaribu vifungo, bibi akavifunga mwenyewe asubuhi zote, eti mtoto atachelewa shule. Zilibaki wiki sita mtoto apimwe.

"Basi!" Emerensiana alilipuka. "Naenda kwa mama Natalia hapo jirani, nikaombe mchele wake!"

Uso wa bibi ukabadilika. "Natalia? Ule mchele wa kujengea msingi?" Akachukua bakuli. "Kaa. Nakwenda mwenyewe."

Siku hiyo Eveline alichambua mpaka jasho likamtoka, na bibi akihesabu mawe kwa sauti, ameelekea ua wa jirani.

"Kumi na tatu! Natalia, kumi na tatu, na hata katikati hatujafika!"

"Si ulikuja kuuomba ukinyenyekea?" Natalia alijibu kutoka ng'ambo. "Pika ule, unyamaze!"

Natalia alipofunga mlango, bibi akahamia na bakuli lake nyumba ya pili, kisha ya tatu. Kufikia Novemba kaya nne zilikuwa hazisalimiani, na Emerensiana akaandika kwenye ripoti ya mradi: "Jamii imeshirikishwa kikamilifu."

Siku ya kupimwa, Mwalimu Agapiti alimpa Eveline kipande cha penseli. Akakibana kwa vidole vitatu. E. V. Akaiweka penseli chini, akakunja vidole, akakunjua, akaendelea. Mwalimu akatazama saa. Emerensiana, aliyesimama nyuma ya dawati, akamtazama mwalimu kwa jicho ambalo semina hazifundishi.

Mkono ukapenya dirishani. Ulikuwa wa bibi.

"Ngoja nimshikie kidogo, amechoka."

"Bibi, usimguse!" mwalimu na Emerensiana walipiga kelele pamoja.

"Nyamazeni," Eveline alisema bila kuinua kichwa. "Mnanipoteza."

Herufi ya mwisho ilitoka imelala chali. Mwalimu akageuza daftari huku, akageuza kule.

"Hii ni nini?"

"Ni e, mwalimu. Imechoka."

Agapiti akashusha pumzi, akavuta orodha ya darasa la kwanza, akaandika jina. Emerensiana akataka kumshukuru, lakini bibi alikuwa ameshaingia ndani kuuliza kwa nini mtoto wa watu amepimwa kwa penseli fupi namna ile.