Wake Wenza wa Lori Moja

Kazi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, jambo ambalo hatukuambiwa mapema. Tulikutana getini kwa tajiri, kila mtu na leseni yake mfukoni, kila mtu akidhani mwenzake amekuja kununua sukari. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga. Mimi nilitoka chama cha ushirika, ambako nilibeba pamba mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao na lori letu likaachwa juu ya mawe. Maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni: sabuni, mafuta ya kula, khanga, betri za redio. Kila kijiji kilivitaka, na tajiri alitaka mtu wa kuvifikisha.

Msimamizi wa magari alitoka akatutazama kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Alisema muda wa majaribio ni miezi mitatu, lori ni moja, na atakayebaki atajulikana mwishoni. Wiki hii mmoja aendeshe na mwingine awe utingo, wiki ijayo wabadilishane. Utingo kazi yake ni kukaa juu ya mzigo, kushusha magunia na katoni, na kuwahi kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama kwenye mwinuko, maana breki ya mkono ilikuwa pambo tu. Basi kila gunia nililoshusha wiki ya zamu yake lilimsaidia mwenzangu aonekane dereva hodari. Na magunia aliyoshusha yeye yalinisaidia mimi.

Msimamizi akatupa na jina. Asubuhi alisimama mlangoni mwa stoo na kikombe cha chai, akauliza kwa sauti ili wapakiaji wote wasikie, "Wake wenza wangu, leo zamu ya nani?" Watu walicheka, wengine wao wakiwa na wake wawili nyumbani na wakijua vizuri alichomaanisha. Mwenzangu alikuwa kijana kuliko mimi, akawa bi mdogo. Mimi nilikuwa na mvi chache, nikawa bi mkubwa.

Nilisomea ukatekista kabla ya kujifunza gari, na kwenye ushirika nilizoea kutundika rozari kwenye kioo. Msimamizi aliitoa akaniwekea kiganjani. Alisema, "Mzee, hapa tunatembelea dizeli. Hiyo katundike kwa mkeo." Nikaitundika nyumbani. Tangu siku hiyo nilisali kwa vidole, kidole kimoja kwa kila Salamu Maria, kumi kisha kumi. Namshukuru Mungu kwa vidole, maana havikumwudhi mtu.

Tukirudi jioni msimamizi aliweka kiganja kwenye boneti, kisha kwenye matairi, macho ameyafumba kidogo. Boneti likiwa la moto sana, tumekimbiza gari. Likiwa vuguvugu, tumelala njiani. Sikuwahi kuona joto lililomridhisha. Hakutaka kusikia kwamba pale Nkoma mwenye duka alikuwa mzee asiyepokea mzigo kabla ya salamu, na salamu kwetu si neno moja. Unasema mwadila, unaulizwa wewe ni wa kwa nani, unamtaja baba na babu, unaulizwa mvua na ng'ombe wa huko utokako. Ukikatiza, mzee anakumbuka ghafla kwamba ufunguo wa stoo umepotea.

Mwezi wa pili ugali haukupita bila maji. Niliota natafuta gia ya kurudi nyuma na siipati, na nyuma yangu kuna mtu amelala. Mke wangu alinipikia uji mwepesi, akaniambia nivumilie, kwa kuwa hata Bikira Maria alizaa safarini. Sikuona inahusianaje, lakini uji niliunywa.

Kisha msimamizi aliniita pembeni akaniambia mwenzangu amesema ninasinzia kwenye usukani. Niliumia, nikarudi kwenye magunia. Siku chache baadaye, tukila sahani moja mimi na mwenzangu, aliniuliza bila kunitazama kama ni kweli nimesema anakunywa gongo kabla ya safari. Tukaacha kula. Wote wawili tulielewa tulichofanyiwa. Tungecheka, kama kazi zingekuwa mbili.

Wiki ya mwisho zamu ilikuwa yangu, na msimamizi akasema atapanda nasi mpaka Kimali ili aamue. Tulibeba chumvi, sukari na mabati. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wa Meatu ukilowa haukuachii hata kiatu. Kabla ya kijiji tairi za nyuma zikazama. Tulikata matawi tukatandika, tukachimba kwa jembe, gari likazidi kukaa chini. Msimamizi alisimama juu ya kichuguu ili asichafuke, akitushauri.

Akaja mzee mfugaji na jozi mbili za maksai na mnyororo. Nilishuka nikamsalimu kama inavyopasa, msimamizi akiniambia niache hotuba. Mzee hakutaka hela. Alitaka chumvi kidogo kwa ajili ya mifugo, tukakubaliana. Akafunga mnyororo, akaimba ule wimbo wao wa kuwatia ng'ombe moyo, nami nikaweka gia ya kwanza, mwenzangu akisukuma nyuma matope yakimrukia mpaka mdomoni. Gari lilitingishika, likakataa, kisha likatoka kwa mkupuo mmoja mpaka pagumu.

Wakati huohuo maksai mmoja wa mbele alitumbukiza mguu kwenye shimo chini ya matope. Mfupa ulilia, nikausikia juu ya mngurumo wa injini. Alianguka ubavu, na kwa kuwa wamefungwa nira moja, shingo ya mwenzake ikavutwa chini na kamba ikaanza kumkaba. Macho yalimtoka.

Mtu aliyelelewa na ng'ombe hafikiri jambo hilo. Mkono wenyewe unakwenda. Niliacha gari linanguruma, nikaruka, nikapiga magoti kwenye tope nikitafuta kigingi cha nira, mzee akiinua kichwa cha yule aliyekuwa anakabwa.

Msimamizi alikuwa tayari ameingia kwenye kebini. Alisema, "Panda, twende. Mvua hiyo inarudi."

Nikamwambia nafungua nira, huyu atakufa.

Akatoa kichwa dirishani akamwuliza mwenzangu, "Bi mdogo, wewe unajua kuendesha?"

Mwenzangu alitazama nira. Naye alikuwa mtoto wa wafugaji, alijua kigingi kilipo na alijua mkono mmoja wa ziada ungefaa. Alijipangusa viganja kwenye shati, akazunguka mbele ya lori, akapanda. Chumvi haikushushwa. Waliondoka nikiwa na kigingi mkononi.

Maksai wa pili aliinuka, akasimama akitetemeka. Wa kwanza mzee alimchinja palepale. Alipomaliza alifuta kisu kwenye majani, akanitazama nilivyojaa tope.

"Maksai wangu alijua kuvuta," alisema. "Wewe unajua nini?"

"Kuendesha gari, bhabha."

"Gari liko wapi?"

Akanipa baiskeli yake na karai la nyama ili nilipie hasara yake, nipite nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza watu wachukue kwa ahadi ya kulipa mtama. Kila niliporudi alinitukana. Usiku alinilaza zizini, upande wa ndama, akasema nizoee, huenda akanifunga nira msimu wa kulima. Wajukuu zake walicheka sana, yeye hakucheka hata kidogo. Nyama ilipokwisha aliniambia nyumba yake haina kazi ya dereva, nikatembea mpaka nilipopata lifti. Mungu alinirudisha mzima. Mke wangu alinifungulia mlango akauliza kama nimethibitishwa kazini, kisha akasikia harufu yangu, akaenda kuteka maji.

Kiangazi nilikuwa Ngulyati nikipeleka mikate kwa baiskeli, kazi niliyoifanya kwa shukrani miaka mingi, lilipokuja lile lori. Usukani ulishikwa na dereva mgeni, bado kijana mbichi. Juu ya mzigo alikaa mwenzangu, kakonda, jiwe la tairi mapajani kama mtoto.

Nilimwuliza kama bado yuko kwenye majaribio.

"Wamesema mwezi ujao," alijibu.

Msimamizi akapiga bodi kwa kiganja kutoka ndani. "Bi mkubwa, shuka upakue. Mwenzio anangoja."

Nilidhani ananiita mimi. Mwenzangu ndiye aliyeshuka. Aliweka jiwe nyuma ya tairi, akavuta gunia la sukari mpaka ukingoni, likamlemea. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikashika upande wa pili.

Tulipofika mlangoni mwa duka alinong'ona, "Yule maksai wa pili alipona?"

"Alipona. Analima."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kuchukua gunia lingine.