Msusi aliyemwambia daktari kuwa amepona

Saa mbili asubuhi, katika chumba kimoja cha Bellevue, Johannesburg, hakuna kiti hata kimoja. Msusi ameketi juu ya godoro, mgongo ukutani. Mteja ameketi mkekani mbele yake, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya msusi. Vidole vinakwenda mbio, macho hayavitazami.

Agnès Nabintu, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, hasuki tena akiwa amesimama. Ana kifafa. "Nikianguka kutoka hapa," anasema akipapasa godoro, "sifiki mbali."

Humo chumbani hamna mkasi wala maji ya moto. Rasta zikimalizika, ncha zake huchovywa katika maji yaliyochemka ili zisifumuke. Kazi hiyo hufanyika chumba cha pili, kwa Shufaa, mwanamke wa Tanga aliyeletwa mjini hapa na mumewe, mpigania uhuru aliyeishi uhamishoni Tanzania na ambaye sasa ni marehemu.

Maji hayo Agnès anayajua. Mwaka 2016, katika saluni moja ya Yeoville, alianguka nayo. Mkono wake wa kushoto una kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani. Mwenye saluni alimkimbiza hospitali, akamlipa mshahara wa wiki ile, kisha akamwambia asirudi. Saluni nyingine zikamwambia vivyo hivyo, baadhi kwa upole.

Ndipo alipoomba ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu. Kibali chake cha ukimbizi kilimruhusu, na daktari alikubali kwamba mtu anayeanguka bila taarifa hawezi kuajiriwa. Akawa anapata randi elfu mbili na mia tatu hivi kwa mwezi. Hizo zililipa chumba. Vichwa viwili vitatu vya wiki vililipa chakula.

Lakini ruzuku ya namna hiyo si ya kudumu. Kila baada ya muda mwenye nayo huitwa apimwe upya, aonyeshe kwamba bado anaumwa. Agnès aliitwa akapita, akaitwa tena akapita. Machi mwaka huu aliitwa akiwa ameshatangazwa kuwa mzima.

Hapo ndipo mambo yanapovurugika, na aliyevurugikiwa kuliko wote ni Agnès mwenyewe.

Novemba iliyopita, kanisani kwao, waumini walimwekea mikono. Tangu siku ile hakuanguka. Desemba ikapita, Januari ikapita. Jumapili moja akasimama mbele ya kusanyiko, akashuhudia, vigelegele vikatanda. Na kanisani kwao, aliyeshuhudia uponyaji hautaji tena ugonjwa wake kwa jina. Kuutaja ni kuukaribisha ndani.

Vidonge vya kliniki, hata hivyo, hakuviacha. Alivimeza akiwa ameupa mlango mgongo. Tena, anasema, Novemba hiyohiyo muuguzi alikuwa amemwongezea dozi.

"Sasa nani alinisimamisha?" anauliza. "Mungu ao kidonge? Nikisema kidonge, nimemwibia Mungu. Nikisema Mungu, mbona bado nakunywa kidonge?" Anacheka.

Alhamisi moja ya Machi akaanguka. Bintiye Chloé, keshia wa duka la nguo mwenye miaka ishirini na miwili, alimkuta sakafuni ameuma ulimi. Mama akamsihi asimwambie mtu. Jumatatu iliyofuata wakaenda pamoja kwa daktari wa tathmini.

Agnès alivaa kitenge cha harusi na kilemba. Kwao Bukavu, Kongo, mtu haendi mbele ya serikali kama aliyetoka jalalani. Chloé, ambaye amezaliwa hapa na humjibu mama yake kwa Kiingereza, alikwenda kama mkalimani.

Daktari aliuliza mama anaendeleaje.

"Nimepona, kwa jina la Yesu," Agnès akajibu.

Chloé akatafsiri, neno kwa neno.

Daktari akauliza mara ya mwisho alianguka lini. Agnès akasema yeye haanguki tena. Chloé akatafsiri na hilo. Daktari akampongeza, akaandika, akawatakia siku njema.

Binti anapoulizwa kwa nini hakusema alichokiona Alhamisi, anashusha pumzi. "Eish. Ningesema mama yangu ni mwongo, mbele ya mgeni?" anasema. "Kwetu mkubwa hakatizwi. Na yeye hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini."

Mei ruzuku ikakoma.

Tangu hapo Agnès amepewa ushauri mwingi kuliko anaoweza kuubeba. Kwenye ofisi ya ruzuku alielezwa kwamba anaruhusiwa kukata rufaa na kupimwa upya. Wasusi wenzake walimwambia safari hii avae matambara na ajiangushe palepale mlangoni. Amekataa. Kuanguka si mchezo wa kuigiza, anasema, na kitenge chake atakivaa.

Mchungaji hakumwambia aende wala asiende. Alimwambia amsikilize Roho.

"Nimesikiliza," anasema Agnès. "Roho naye amenyamaza."

Asiyenyamaza ni Shufaa. Kila jioni, akirudisha beseni la Agnès alilochovyea nywele, humrudishia na neno: "Mungu anajua unaumwa, Mama Chloé. Serikali ndiyo haijui, na haijui kwa kuwa hukuiambia."

Rufaa imekatwa. Jumatano ijayo Agnès atakaa mbele ya daktari mwingine, na mwenye nyumba amekubali kungoja hadi siku hiyo, si zaidi. Hana ndoto ya saluni yake mwenyewe. Anataka abaki katika chumba hiki, chenye godoro lake, ambamo anguko ni fupi.

Rasta za mteja zimekwisha. Wote wanahamia kwa Shufaa, ila Agnès anaishia mlangoni, mbali na birika. Chloé, tayari katika sare ya kazi, amesimama nyuma yake.

Shufaa anachovya ncha za nywele, na bila kuinua macho anajifanya daktari.

"Haya, mama, habari ya afya yako?"

"Muzuri. Namshukuru Mungu."

Mteja anaangua kicheko. "Umekwisha," anasema Shufaa. "Toka, aingie mwingine."

Agnès naye anacheka. Anajitetea kwamba hata msibani mtu huulizwa habari akajibu nzuri kwanza, ndipo aseme nani amekufa. Shufaa anamwambia sawa, ajibu nzuri, lakini amtaje na maiti.

"Haya tena. Habari ya afya yako?"

Agnès anashika mwimo wa mlango kwa mkono wenye kovu. Mteja anageuza shingo kumtazama.

"Muzuri. Namshukuru Mungu," anasema. Kisha, polepole: "Lakini naanguka. Nilianguka Machi, siku ya Alhamisi. Nilianguka na juzi."

Mara hii hakuna anayecheka. Nyuma yake Chloé anatafsiri kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, neno kwa neno.