Kiti cha Nyuma cha Kigari cha Baba Mkwe

Watu wakiniuliza nani alinisomesha, wanangoja nimtaje mume wangu. Wapi! Mume wangu alikuwa Mombasa kikazi, na barua zake zilijaa pole tupu. Aliyenisomesha ni baba mkwe, na alinisomesha kwa msumeno.

Mwishoni mwa miaka ya sitini alikuwa na kigari cha magurudumu matatu, rangi ya kiini cha yai, mlango wake uko mbele puani. Unaufungua kama kabati, usukani unatoka nao. Alikinunua kwa meneja wa majani chai aliyekuwa akirudi kwao, na pale kwetu Nyacheki hakuna mwingine aliyejua kukiendesha. Mara moja kwa mwaka, siku ya Jumapili, wenye vigari vya kizamani namna hiyo walikutana uwanjani Kisii mjini: Wahindi wa maduka, mapadri wawili, karani mmoja wa kutoka ziwani. Kigari kilichobaki vilevile kilivyotoka kiwandani kilipewa kikombe. Mwaka uliotangulia baba mkwe alikikosa kwa sababu ya taa moja isiyo ya kiwandani. Akaandika barua hadi Uingereza, taa ikaja, akawa analala nayo chumbani. Safari hii kikombe kilikuwa chake, kila mtu alijua.

Ndipo nikaitwa chuo cha ualimu, ng'ambo ya Nyamira. Nilitakiwa nifike Jumatatu. Asiyefika, nafasi yake ingepewa mwingine. Mvua ikanyesha wiki nzima, mabasi yakakwama. Ijumaa nikakaa mlangoni namenya ndizi kwa hasira, nikiwakaripia hata kuku.

Kigari kilikuwepo, ndiyo. Lakini kilikuwa na kiti kimoja tu, cha watu wawili wa kubanana. Na kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai kiti kimoja, hata mkono hawapeani. Ndiyo heshima yenyewe. Mama mkwe alisema, "Nendeni tu, nani atawaona?"

"Mama, nitajiona mimi," nikamjibu. Afadhali chuo kinipite.

Jumamosi, Sabato yetu, ilipita. Jumapili asubuhi nikasikia msumeno. Baba mkwe alikuwa ameng'oa kioo cha nyuma, amekata bati, na anapigilia kiti cha mbao juu ya injini, kimetazama nyuma.

"Jamani, anakiua!" nikapiga kelele.

Alimwambia mama mkwe, nami nimesimama hapo hapo, "Mwambie kesho apande na sanduku lake."

Tukasafiri hivyo, tumepeana mgongo. Penye tope wanaume wanne walikiinua kigari juu juu, mimi nikiwa ndani. Sokoni Keumbu wachuuzi walicheka mpaka wakashika mbavu: "Mama huyu anarudi alikotoka!" Niliwatolea ulimi, mtu mzima mimi. Injini ilinipasha joto mpaka chuoni, na saa nane mchana jina langu likaandikwa.

Likizo ya Agosti tulikwenda Kisii kwenye mashindano ya vigari sote watatu, wao mbele, mimi kwenye kiti changu. Mwamuzi, fundi wa makamo, alikizunguka kigari akiipapasa ile taa mpya na kutabasamu. Alipofika kwangu nyuma, uso ukamshuka.

"Mzee, umekiharibu! Ziba tundu hili, rudisha kioo, mwakani kikombe ni chako."

Aibu iliyonishika, we acha tu. Nikateremka. "Baba, kizibe," nikasema. "Mimi nitapanda basi."

Baba mkwe aliinamisha macho, kama ilivyo desturi yetu, akamjibu mwamuzi:

"Nikikiziba, likizo ikiisha mwalimu wangu atarudi chuoni na nini?"

Kikombe kilichukuliwa na padri. Nilipanda tena kitini pangu, nikalia waziwazi mpaka Nyacheki. Sikuwa nimefanya hata mtihani wa kwanza, na yeye alikuwa ameshaniita mwalimu.